Nitakavyoiokoa Metali

Jumatatu, 3 Machi

Muziki wa hevi metali unakufa na watu wanaupigia makofi. Leo nimeandika makala ya kusema hivyo, kwa ajili ya kundi letu la wapenzi wa metali kwenye simu. Sikumwacha mtu. Wapiga gitaa wanaojirekodi chumbani, kitanda hakijatandikwa nyuma yao. Mitindo mipya yenye majina marefu kuliko nyimbo zenyewe. Fulana zinazotoka kabla ya albamu. Na uovu mkuu: dramu za kompyuta! Mtu anabofya, mashine inapiga, jasho halimtoki yeyote.

Nilipofika aya ya mwisho umeme ukakatika. Kompyuta ya dukani ikazima papo hapo, makala ikaenda na maji. Nimeiandika upya kwa kalamu, nikaipiga picha na kuituma kwenye kundi. Duka langu la vitabu vya mitumba halina msongamano Jumatatu, hivyo sikusumbuliwa. Imetoka kali zaidi. Simtaji Daktari wa Meno, kiongozi wa bendi ya Kaburi Wazi. Nimesema tu "yule mng'oa meno anayepigiwa dramu na kompyuta". Atakayejihisi na ajihisi.

Jumatano, 5 Machi

Mazoezi kwenye karakana ya shemeji, kaka yake mke wangu. Anachomelea mageti, na kwa dramu sijasikia mwingine kama yeye. Sisi wawili ndio bendi ya Chuma Halisi. Mpiga besi alituacha baada ya makala yangu kuhusu wapiga besi. Jumamosi tunapanda jukwaani kwenye ukumbi wa chuo cha ufundi, mara tu kabla ya Kaburi Wazi.

Kabla hatujaanza nilimweleza kidogo hali ya metali duniani. Nilipomaliza, mteja alikuwa ameshafika kuchukua geti lake. Shemeji akaviringisha vijiti vyake kwenye kitambaa. Akaniambia Daktari amemwomba akapige kwao, naye amesema atafikiria. Atafikiria!

Nikamuuliza kama anajua maana ya usaliti. Akanijibu taratibu, miwani ya kuchomelea bado iko kwenye paji la uso:

"Shemeji, mimi nataka kupiga. Hotuba nazisikia nikija kwenu kula."

Moshi wa karakana umemchosha. Hana nia ya kuondoka.

Alhamisi, 6 Machi

Mke wangu ameshaambiwa. Hawa ndugu hawana siri. Anasema Jumamosi nipige nyimbo tu, nikihutubia nitampoteza kaka yake. Nimekubali. Maneno machache ya utangulizi si hotuba.

Mchana Daktari mwenyewe akaingia dukani. Ameisoma makala. Akaniita kaka, akasema nina hoja, hata yeye haipendi hiyo kompyuta, ila mpiga dramu atampata wapi? Mpole kweli. Upole wa mtu aliyeficha sindano nyuma ya mgongo.

Alipotoka, mpango ukanijia mzima mzima. Kompyuta bila umeme ni sanduku. Nimeshuhudia mwenyewe Jumatatu. Kaburi Wazi wakianza, nitachomoa plagi. Dramu zitanyamaza, ukumbi utacheka, na shemeji ataona alitaka kumfuata nani. Nashangaa jinsi akili yangu inavyofanya kazi.

Ijumaa, 7 Machi

Nimekwenda kukagua ukumbi. Msimamizi aliniuliza natafuta nini nyuma ya pazia. Nikamwambia nasikiliza mwangwi. Akasema ukumbi mtupu hauna cha kusikiliza. Hajui sanaa. Nimeiona soketi. Waya mnene, plagi moja. Kazi ya mkono mmoja.

Jumamosi, 8 Machi

Ukumbi ulijaa. Nilianza na maneno machache ya utangulizi. Watu walisikiliza kwa utulivu mkubwa, wengine wakitoka nje ili watafakari. Shemeji alikaa kwenye dramu, vijiti mkononi. Nilikuwa naingia sehemu ya pili ya utangulizi msimamizi aliponionyesha saa. Tukapiga wimbo mmoja. Nusu.

Wakapanda Kaburi Wazi. Nikajipenyeza nyuma ya pazia. Wimbo ulipopamba moto, nikachomoa!

Spika kubwa za ukumbi zikazima. Sauti ya Daktari ikapotea, dramu zikapotea. Lakini kompyuta yake ya mkononi iliendelea kung'aa pale jukwaani, kwa dharau kabisa. Kumbe ina betri! Kwa nini mtu aweke betri ndani ya kompyuta? Magitaa, yenye vispika vyao vidogo kwenye soketi nyingine, yakabaki yanatangatanga kama watu waliopotezana sokoni.

Hapo shemeji akapanda. Hakuitwa na mtu. Akakaa kwenye dramu zilezile tulizoziacha, akawasikiliza kidogo, kisha akapiga. Mama yangu! Sakafu ilitetemeka mpaka pazia likanigusa usoni. Maikrofoni imekufa, watu wakaimba wenyewe, kila neno. Daktari alikuwa anacheka kama mtoto. Shemeji pia. Sijawahi kumwona akicheka kwenye mazoezi.

Nilirudisha plagi. Hakuna aliyegundua tofauti.

Jumapili, 9 Machi

Ushindi! Nilisema mashine haiwezi kumshinda mtu, na ukumbi mzima umeona. Nimelieleza hilo kwa kirefu kwenye kundi la simu. Wote wanamsifu shemeji. Hakuna anayemsifu aliyechomoa plagi.

Shemeji alikuja kula. Alisema tangu sasa atapiga na Kaburi Wazi, akaniomba nisimwekee kinyongo. Nikatazama ukutani. Alipoondoka mke wangu akaniwekea chai mbele yangu.

"Hoja umeshinda, mume wangu," akasema. "Lakini mpigaji umempeleka mwenyewe, mpaka mlangoni kwa Daktari."

Chai ilikuwa haina sukari. Nikainywa.

Jumanne, 11 Machi

Daktari kapita dukani na mfuko. Ile kompyuta yake, dramu zake zote zimo ndani. Haina kazi tena kwake, akasema labda itanifaa. Nilitaka kuikataa kwa maneno makali. Nikaipokea ili niichunguze, maana adui lazima umjue.

Nimeichunguza tangu asubuhi. Haichelewi mazoezini. Hainijibu. Nimeisomea utangulizi wote, sehemu zote, na haikuviringisha vijiti. Haina dada. Na umeme ukikatika, ina betri!

Naanza makala mpya. Wapiga dramu wa nyama na damu ndio wanaoiua metali.