Kinanda Kilichoandikishwa Mara Sitini na Moja

Kwa heshima na taadhima, Idara ya Sauti na Burudani ya Umma iliutangazia umma kwamba kinanda chake pekee cha umeme kimeingia katika kipindi cha ukimya usio na ukomo, na kwamba wananchi wasiwe na hofu. Tangazo lilibandikwa getini, kwenye ngazi na juu ya kinanda chenyewe. Nililiandika mimi. Nilikuwa na miezi minne kazini, shahada ya utawala, na imani thabiti kwamba hakuna shida duniani inayoweza kuishinda fomu iliyojazwa vizuri.

Kinanda kilikaa chumba namba tisa, ghorofa ya pili. Humo Mwalimu, mama mjane mwenye miwani iliyofungwa uzi upande mmoja, alikuwa akifundisha watu wazima kila alasiri kwa mwaka wa kumi na moja. Wanafunzi wake sita walikuwa na mtihani Ijumaa. Kinanda kikithibitishwa kuwa kibovu, mtihani unafutwa, darasa linafungwa, na chumba namba tisa kinakuwa sebule ya wageni wa Mkurugenzi. Sebule moja alikuwa nayo tayari. Lakini wageni waliokuwa wakisubiri humo, alitueleza, walikuwa wameanza kufahamiana na kulinganisha ahadi walizopewa, jambo lisilo na afya kiutawala.

Hitilafu yenyewe ilikuwa hivi: vibonyezo tisa havikulia kabisa, na vingine vitatu ukivibonyeza havirudi juu, vinalia tu mpaka uchomoe waya ukutani. Niliunda Kikosi Kazi mara moja. Nilikuwa mwenyekiti, katibu na mjumbe. Niliandaa Fomu ya Uchunguzi yenye vipengele kumi na vinne. Kipengele cha kwanza kilitaka tuthibitishe kwamba kifaa ni kinanda, na tulithibitisha kwa kauli moja. Kisha nikatoa waraka wa hatua za dharura: nyimbo zote zinazohitaji vibonyezo vyenye matatizo zimesitishwa mpaka hapo itakapoelekezwa vinginevyo.

Mwalimu aliusoma waraka, akavua miwani.

"Mwanangu, umesitisha nyimbo zote."

"Si zote, Mwalimu. Ipo iliyobaki."

"Ipi?"

"Kikosi Kazi bado kinaitafuta."

Hakucheka. Alinipigapiga begani kama mtu anayempa pole mgonjwa, akarudi darasani.

Jumatatu Mkurugenzi alitia saini fomu yangu. Maneno yalisomeka: "Mimi binafsi nimevijaribu vibonyezo vyote sitini na kimoja na kujiridhisha kwamba kinanda hakitoi sauti." Alisaini akiwa ndani ya gari, dirisha limeshushwa nusu, injini inanguruma. Nilisimama nje nimemshikia kalamu ya akiba, nikajiona mtu wa maana sana.

Alasiri ile nilipita chumba namba tisa. Fundi cherehani, mama wa watoto watatu ambaye hufunga kibanda chake saa nzima ili aje kujifunza, alikuwa amekaa mbele ya meza tupu. Mwalimu alikuwa amechora vibonyezo kwa chaki juu ya meza. Yule mama aligusa chaki kwa kidole, kisha akaimba mwenyewe sauti ambayo ingetoka. Akikosea anafuta, anacheka, anaanza upya. Nilienda kusimama kwenye ngazi nikajifanya nasoma matangazo. Yote yalikuwa yangu, na hata moja halikuwa na msaada.

Jumanne nilifanya jambo lisilo na namba ya kumbukumbu: nilimwomba Mwalimu amlete fundi. Alimleta shemeji yake, fundi redio mwenye maneno mengi kuliko vifaa.

"Shemeji, mgonjwa yuko wapi?" aliuliza mlangoni. Akaniona na faili langu. "Na huyu ndiye daktari au ndiye ugonjwa?"

Alianza na mambo mepesi. Alibadilisha adapta. Akakizima kinanda, akakiwasha huku amebonyeza vitufe viwili ili kirudi kama kilivyotoka kiwandani. Vibonyezo tisa vikabaki bubu. "Basi tatizo liko tumboni," alisema. Akatandika blanketi mezani, akakilaza kinanda kifudifudi, akafungua skrubu na kuzipanga juu ya karatasi, ndefu kwa ndefu, fupi kwa fupi. Aliponyanyua kifuniko akanyamaza. Kwa fundi yule, kunyamaza kulikuwa habari mbaya.

"Nani kamwaga gundi humu?"

Hapa naomba kutoa ufafanuzi wa kitaalamu. Mwezi wangu wa kwanza nilipewa kazi ya kuandikisha mali za Idara. Mwongozo ulisema kila kitu kinachoweza kusogea kiwe na lebo yake. Nilikibonyeza kibonyezo kimoja, kikasogea. Kwa hiyo niliandikisha vyote, kimoja kimoja, sitini na kimoja. Lebo zilipokuwa zinabanduka niliongeza gundi ya chupa, kwa moyo mkunjufu, na nikapata barua ya pongezi.

"Ni mfumo," nilimjibu fundi.

"Mfumo una vidole?"

Nilitazama sakafu. Mwalimu alitazama dirishani, kwa huruma, ili nisione anavyonitazama.

"Ni mimi," nikasema.

"Haya, bosi. Kunja mikono ya shati."

Tulikaa pale mpaka ofisi zikafungwa. Gundi ilikuwa imeteremka katikati ya vibonyezo mpaka kwenye ukanda wa mpira ulio chini yake, wenye vidoti vyeusi ambavyo vikigusa bodi ndipo sauti inatoka. Tulibandua lebo zote. Tulisafisha kila kidoti kwa pamba yenye spiriti, taratibu. "Usikwangue kwa kucha!" fundi alifoka. "Ukikitoa weusi wake umekiua." Tukaacha pakauke, tukarudisha skrubu. Mwalimu akawasha, akapita kutoka kushoto mpaka kulia. Vyote sitini na kimoja vililia. Nami nilikuwa karibu kulia, lakini hilo sikuliweka kwenye taarifa.

Jumatano akaja Mkaguzi kutoka wizarani kuthibitisha ubovu wa kinanda, mama mfupi mwenye kalamu ndefu. Mkurugenzi alimpeleka mwenyewe chumba namba tisa. Nilijaribu kumnong'oneza Mkurugenzi ngazini kwamba kimepona. Aliniambia nimwandikie.

"Mheshimiwa, jionee mwenyewe," alimwambia Mkaguzi. "Kimekufa." Akakibamiza kinanda kwa kiganja kizima.

Mwalimu alikuwa ameshakiwasha, na kiganja kikaangukia kitufe cha wimbo wa maonyesho uliowekwa humo kiwandani. Ngoma zikaanza, tarumbeta zikafuata, bendi nzima ikajaa chumbani.

"Hakitoi sauti!" Mkurugenzi alipaza sauti juu ya tarumbeta, akibonyeza hiki na kile. Kila alichobonyeza kiliongeza ngoma. Mwalimu alinyoosha kidole kimoja, kukawa kimya.

Mkaguzi alifungua fomu. "Hapa unasema ulivijaribu vyote mwenyewe."

"Nilivijaribu."

"Kikiwa kimewashwa?"

Mkurugenzi akanigeukia. "Kuwasha hakukuwemo kwenye fomu."

Ni kweli. Vipengele kumi na vinne, na kuwasha hakumo. Nilikiri palepale, na habari ya gundi nikaieleza yote, nikisubiri kufukuzwa.

Mkaguzi aliandika muda mrefu, kisha akasoma. Kwa mujibu wa waraka uliosainiwa na Mkurugenzi huyuhuyu, hakuna afisa anayeruhusiwa kuthibitisha chombo asichokijua. Idara haina afisa hata mmoja anayekijua kinanda. Hivyo darasa linaendelea, na Mkurugenzi atahudhuria kila alasiri mpaka Mwalimu aridhike na kumsainia. Wageni wake wamsubiri hukohuko darasani.

Fundi cherehani alifaulu Ijumaa. Jumatatu Mkurugenzi aliketi kiti cha mbele, wageni wanane nyuma yake wakisubiri, wakifahamiana. Mimi niko kiti cha pili. Niliomba mwenyewe, kwa barua.

"Wiki ya tatu hii," Mkurugenzi alimwambia Mwalimu jana, akimsogezea karatasi ya mahudhurio. "Hunisainii?"

Mwalimu aliweka miwani sawa. "Baba, njoo kesho," alisema. "Suala lako linashughulikiwa."