Tarumbeta za Usonji

Jumatatu, 31 Machi
Bosi katangaza. Keshokutwa ni Siku ya Usonji, na kiwanda chetu cha kugandisha rasiberi kitachangisha fedha za kuelimisha watu na kujenga chumba cha utulivu. Ognjen wa upakiaji ana usonji, kelele humuumiza. Kati yangu na Slavica wa meza ya jirani, atakayechangisha zaidi atakuwa mkuu wa mauzo. Slavica ni dada yake Ognjen. Upendeleo mtupu! Lakini mimi, Radojko, nina akili.

Jumanne, 1 Aprili
Nimepeleleza. Slavica atauza supu ya maharage ya Kwaresima, inayoliwa kimyakimya. Nimecheka hadi machozi! Nani hapa Serbia atalipa ili anyamaze? Mimi nimekodi bendi ya tarumbeta. Mke wangu Vidosava kaniuliza kama nimerukwa na akili: tarumbeta, Kwaresima hii, kwa ajili ya watu wanaoumizwa na kelele? Nimemwambia mambo ya kazini hayajui.

Jumatano, 2 Aprili
Ushindi! Mwanzoni. Bendi imeingia kantini kwa kishindo, watu wakapanda mezani, wakaanza kuwabandika wapigaji noti kwenye mapaji ya nyuso, kama harusini. Ognjen kaacha supu yake, katoka ameziba masikio. Aliponipita kasema, "Kaka Radojko, wewe ni mtu mzuri. Ila una kelele." Mimi nikaendelea kucheza.

Baadaye nikampelekea mkuu wa bendi ndoo, atie fedha za usonji. Kacheka mpaka kakohoa. "Mzee wangu, tangu lini noti ya kwenye paji la mpiga tarumbeta ikarudi?" Wakapanda gari, wakaenda zao. Kwenye ndoo kuna kifungo kimoja cha shati. Changu.

Alhamisi, 3 Aprili
Nimemfuata Ognjen kumweleza kwamba bendi ilikuwa kwa faida yake. Nikaeleza, nikaeleza. Akainuka, akamwekea Slavica noti ya mchango mezani: ili Radojko anyamaze mpaka saa ya kahawa. Ofisi nzima ikaangua kicheko, kisha ikapanga foleni! Madereva wakalipia mpaka jioni. Bosi kalipia na kesho. Hata Vidosava kapiga simu, analipia Jumamosi na Jumapili! Imeniuma, sikatai. Nilitaka kuwajibu, lakini nilikuwa nimeshalipiwa.

Ijumaa, 4 Aprili
Fedha zimetimia. Slavica ndiye mkuu wa mauzo. Ognjen kanipa mkono, kashukuru kwa dhati: chumba chake kinafunguliwa mwezi ujao. Nikaitikia kwa kichwa tu, ndiyo sheria.

Ila kimya kinampa mtu nafasi ya kufikiri. Fedha zile zimetoka wapi? Kwenye mdomo wangu! Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Siku ya kufungua chumba cha utulivu nitawahutubia saa nzima, waelewe mshindi ni nani. Bendi nimeshakodi. Safari hii naleta mbili.