Kitanda Ilienda Kusalimia Mama Mkwe

Wasee, leo nimeaibika. Si ile aibu ndogo ya kurudishia mtu salamu kwa barabara, kumbe alikuwa anasalimia mwenye ako nyuma yako. Hapana. Hii ni ya kuhama kaunti. Naandika nikiwa nyuma ya nyumba, nimekalia jerikeni, na suruali yangu iko mahali siwezi kuifikia. Mtaelewa.

Mama yake Mwende alikuwa anatoka Kithimani leo kuja kuona kwetu mara ya kwanza. Mwende ndiye bibi yangu. (Bibi kwa maana tunaishi pamoja. Mbuzi za ntheo, zile za kuambia wazazi wake kwamba msichana amepata kwake, bado sijapeleka.) Na baba yake alikuwa amesema wazi: mama aende kwanza aone kama mtoto anaishi kama mtu. Akirudi na habari nzuri, nilete mbuzi. Akirudi na mbaya, anarudi na Mwende.

Asubuhi Mwende akaniambia, "Musyoki, naenda kumchukua mama steji. Wewe fagia tu. Usiguse kitu ingine."

"Sawa, mpenzi."

(Mnanijua. Hiyo sawa ilikuwa ya mdomo.)

Shida ni kwamba Mwende amekuwa akinionyesha kwa simu vyumba vya watu. Kitanda kubwa, hedibodi ya velveti karibu ifike kwa dari, ukuta rangi ya mbingu. Halafu anageuka anaangalia kitanda yetu ya chuma, ile ukijigeuza inalia kama punda, na anapumua. Hasemi kitu. Afadhali angesema! Kwa hivyo nikanunua mbao, sponji, rangi na velveti ya maruni pole pole, nikaficha kwa jirani yetu Kioko. Leo nyumba ikabaki na mimi. Nikajiambia, Musyoki, ni leo.

Mjue nyumba yetu ni rumu moja kubwa. Mimi ndiye niliikata katikati na plaiwudi, huku sebule, huku chumba cha kulala, nikaweka na mlango. Fundi hakuitwa. (Hiyo muiweke kwa akili, tutairudia.)

Suruali nikavua nisiichafue na rangi, nikaiacha kwa kochi. Nikavaa dera fulani nilipata chini kabisa ya sanduku ya Mwende, ya maua makubwa ya manjano. Nikafunga mlango ya chumba ndio rangi isiruke sebuleni. Kazi ikaanza.

Na wasee, niliweza! Ukuta nikapaka, mlango nikapaka, fremu, hinji, kila kitu hakikukimbia nikapaka. Kitanda ya chuma nikaifungua vipande nikaisimamisha kona. Ya mbao nikaiunda hapo hapo ndani. Vipimo nilichukua na mshipi wangu. (Rula ilifundishwa muhula wa tatu. Mimi shule niliaga muhula wa pili.) Kitanda ikatoka pana! Hiyo ni ya watu wanne na mgeni. Hedibodi nikaipigilia misumari kwa kitanda, halafu nikaifunga kwa plaiwudi na skrubu ndefu, ndio usiku kitu isilie. Juu ya skrubu nikavuta velveti, nikabandika na gundi. Nikarudi nyuma niangalie vizuri. Sikurudi sana, nafasi haikuwa.

Ilikuwa safi. Machozi yalinikaribia.

Nikashika mlango nitoke nikavae suruali. Mlango ikafunguka kidogo, ikagonga kitanda, ikasimama. Nafasi ya kupitisha chapati.

Nikavuta tena. Chapati.

Hapo ndipo nilikumbuka kitu. Hiyo mlango inafunguka kwa ndani. Na ndani sasa kuna kitanda.

Nikasukuma kitanda. Kitanda imeshikwa na ukuta. Dirisha iko na grili. Kutoa skrubu, lazima nipasue velveti. Nikaiangalia hiyo velveti, ikaniangalia. Heri nizeekee humu.

Kabla niamue, nikasikia viatu nje.

"Karibu, mwaitu," Mwende anamwambia mama yake. "Kaa hapa kwa kochi, upumzishe huo mguu mbaya. Ngoja nitoe hii... hii ni suruali ya nani imelala hapa? Musyoki!"

"Niko huku," nikasema, sauti ya mtu ako kisimani.

"Toka usalimie mama."

"Siwezi."

"Huwezi aje?"

"Kitanda imekataa."

Mwende akakuja kwa hiyo nafasi ya chapati akaweka jicho. Jicho ikaona maruni. Jicho ikaona dera. Jicho ikafungwa.

"Nilikuambia ufagie," akasema pole pole. Hiyo sauti ndio mbaya. "Wacha niite Kioko akuje na nyundo. Mama, subiri kidogo."

Akaenda! Akaniacha na mama yake, plaiwudi katikati!

Kwa wale si Wakamba, niwaeleze. Kuna kitu tunaita nthoni. Ni heshima na haya kati yako na mama mkwe. Hamuangaliani kwa macho. Hamuongei ovyo. Na kitanda yako? Hiyo mama mkwe haoni hata miguu yake. Siku hizi wengi wameachana nayo, lakini mama yake Mwende ni wa kitambo. Akitaka kuniambia kitu anaambia Mwende, na mimi niko hapo nasikia, halafu Mwende ananiambia tena. Sasa Mwende ameenda.

Mama akakohoa. Mimi nikakohoa nirudishe heshima. Tukaishiwa na kikohozi.

Alikuwa amekuja na kuku wa zawadi, amefungwa miguu. Nikasikia mama anasema, "Wewe kuku."

Kuku akasema ko.

"Huyo mtu ako huko ndani, ako na bisibisi?"

Nikafikiria. Nikasema, "Kuku, mwambie niko nayo."

"Kuku, mlango ikikataa kufunguka, si mtu hutoa hinji?"

Wueh! Huyu mama ana akili! "Kuku, mwambie asante sana. Mwambie pia pole kwa safari."

"Kuku, sema nimefika salama. Na mvua kwetu imekataa."

Tukapiga stori hivyo. Kuku anachangia mara moja moja. Nawaambia ukweli, ni mara ya kwanza mimi na huyo mama tumeongea vizuri. Hata alicheka mahali. Nikaona mbuzi za ntheo zinajipanga zenyewe.

Nikapanda juu ya kitanda nifikie hinji ya juu. Bisibisi ikateleza. Rangi! Nilikuwa nimezipaka hinji mpaka mdomo ya skrubu ikazibika. Lakini kando yake, kwa fremu, kulikuwa na skrubu zingine safi, rangi haikuzifikia. Nikasema, si skrubu ni skrubu? Nikazitoa. Zikatoka vizuri kama njugu kwa ganda.

Sasa turudi kwa ile plaiwudi. Hiyo ukuta nilijenga mimi ilikuwa imeshikwa na vitu viwili: hiyo fremu, na maombi.

Ikalia kriii. Ikaanza kuinama. Pole pole, kwa adabu, ikielekea sebuleni.

Nikapiga nduru, "Kuku! Toka hapo! Na mwambie mama atoke!"

(Hata nikikufa, nthoni sivunji.)

Mama alibeba kuku akaruka mpaka mlango wa nje. Huyo mama wa mguu mbaya, aliruka! Ukuta ikaanguka juu ya kochi. Ikaenda na hedibodi. Hedibodi ikavuta kitanda. Kitanda ikainua miguu ya nyuma juu, na godoro ikateleza na mimi nikiwa juu yake, nimeshika bisibisi, mpaka ikasimama mbele ya viatu vya mama mkwe.

Hakuingia chumba cha kulala, mnisikie vizuri. Chumba cha kulala ndicho kilimfuata.

Vumbi ikatulia. Mimi nimelala kwa godoro, dera ya manjano iko kwa magoti, uso iko na rangi ya mbingu. Kuku amemponyoka mama, ameruka na miguu yake iliyofungwa, amekalia hedibodi. Velveti haikupasuka. (Hiyo kazi ilikuwa safi, semeni tu.)

Hapo ndipo Mwende alifika na Kioko. Kioko, nyundo mkononi, akaniangalia juu mpaka chini. "Musyoki, hiyo rangi inakutoa vizuri."

Mama alikuwa amejifunika uso na leso. Akaiteremsha kidogo, jicho moja tu. Akaangalia ile dera kwa muda. Nikajua mambo yangu yameisha. Mwende anabeba nguo leo.

"Kuku," mama akasema, "mwambie hiyo dera ni yangu. Mimi nilimpatia Mwende Krismasi."

Mwende akakaa chini kabisa. Sijui kama ni kilio ama ni kicheko. Mabega yalikuwa yanacheza.

Mama akatoa simu akatoka nje kupigia mzee wake. Mimi nikapitia nyuma na hiyo dera, nikajificha hapa kwa jerikeni, nikategesha sikio. Nikamsikia vizuri.

"Nyumba nimeona. Yote. Hata pale singeona nimeonyeshwa. Ee, mtoto anaishi vizuri, anaundiwa mpaka kitanda. Huyu kijana ni mjinga, lakini hana kitu anaficha. Mwambie alete mbuzi. Na aongeze moja, faini ya hiyo kitanda, kwa sababu nimeiona."

Wasee, nimekubaliwa! Nikiwa na dera yake!

Suruali bado iko chini ya ukuta. Kioko amekataa kuinua, anasema kwanza apige picha. Kwa hivyo mkitaka kucheka, chekeni mkiwa huko kwenu, huyu mama anasikia mbali.

Na Mwende amekuja na kisu, anasema kuku achinjwe aliwe jioni. Nimekataa kabisa. Tukimla huyo, mimi na mama tutaongea na nani?