Vita Yangu na Wanaume Wanaoruka Angani

Jumatatu, 3 Machi

Nimekasirika. Nimelala na hasira, nimeamka nayo, nimeinywea chai.

Klabu ya filamu niliianzisha mimi. Mwenyekiti ni mimi. Ukumbi niliuomba mimi, viti navipanga kwa mikono yangu hii. Kila Jumamosi tunatazama filamu za watu wenye akili zao: mzee anakaa dirishani, anawaza, mvua inanyesha, mwisho. Safi kabisa!

Jana kwenye kikao akainuka Shemeji. Mdogo wake mke wangu. Muuza magodoro, mwanachama mpya, hata swichi ya taa hajui iko wapi. Akasema wanachama wanasinzia. Akasema dawa anayo: filamu za mashujaa. Wale wanaume wa nguo za kubana, wanaruka angani na kubomoa majumba ya watu. Ukumbi mzima ukapiga makofi! Mama mkwe akapiga ya kwake kwa miguu.

Katibu wetu, mwalimu mstaafu wa hesabu, akaamua: Jumamosi mdahalo. Filamu za mashujaa, uzuri wake na ubovu wake. Mmoja atetee, mmoja apinge, wanachama wapige kura. Upande utakaoshinda ndio utakaotawala ukumbi mwaka mzima.

Sawa. Muuza magodoro atalazwa.

Jumanne, 4 Machi

Kazini mambo hovyo. Mimi ni fundi miwani, na leo lenzi ya kushoto nimeifunga kulia. Mteja karudi analalamika kwamba ngazi zinamkimbia. Daktari wa macho, ambaye ndiye bosi wangu, akaniuliza nina nini. Nikamweleza.

Nikamwambia mji mzima unavunjwa na hakuna hata mtu mmoja anayeshika ufagio. Adui ana silaha, shujaa kafungwa kamba, badala ya kumaliza kazi anaanza kumsimulia mipango yake! Shujaa anakufa, tunaombwa tulie, sehemu ya pili huyo anarudi, tena kanenepa. Na hili la miwani! Mtu akivaa miwani tu, hata mama yake mzazi hamtambui. Hilo ni tusi kwa fani yangu.

Daktari akauliza nimeziona ngapi. Nikasema mtu hanywi sumu ili ajue ni sumu. Akasema Shemeji ataniuliza swali hilo hilo mbele za watu.

Simpendi daktari huyu. Lakini kasema kweli.

Jumatano, 5 Machi

Nimeomba ruhusa mchana, nikaenda sinema. Kofia hadi kwenye nyusi, miwani nyeusi, kola juu. Nikajikunyata kiti cha nyuma. Mara sauti: "Mwenyekiti! Njoo huku mbele, nafasi ipo!" Kinyozi wangu. Kanitambua gizani, na miwani nimevaa! Hoja yangu imethibitika.

Filamu yenyewe upuuzi mtupu. Shujaa ana mbio kuliko radi. Kaokoa treni, kaokoa daraja, kaokoa mbwa. Halafu simu inalia: baba yake yuko hospitalini. Anakimbia. Anakimbia kuliko alivyowahi kukimbia. Anaingia wodini, anamkuta muuguzi anakunja shuka.

Nililia. Nililia kwa kwikwi mpaka kinyozi akanipa leso yake. Baba yangu alifariki nikiwa njiani, basi limeharibika, nimekaa juu ya mzigo wangu kando ya barabara nikisubiri spana. Hao watengeneza filamu nani kawaambia? Ni wizi huo. Sasa nawachukia maradufu.

Alhamisi, 6 Machi

Kinyozi hana breki mdomoni. Mke wangu ameshajua. Akaniuliza kwa upole kama ni kweli nililia. Nikasema ni vumbi. Akasema kule kuna zulia. Nikasema basi ni vumbi la zulia.

Akanisihi nigawane Jumamosi na mdogo wake, nusu kwa nusu, watu waishi kwa amani. Nusu! Fahali wawili zizi moja! Nikasusa chakula. Hakunibembeleza. Nilikula baadaye jikoni, kimepoa, nimesimama.

Tena Katibu kaleta jipya: pande zitachaguliwa kwa kuchota karatasi, ili wasemaji waonyeshe kwamba wanaweza kuona pande zote mbili. Pande zote mbili za nini? Ule mwingine si wangu!

Ijumaa, 7 Machi

Mungu si Athumani! Katibu kaniomba mimi, kama mwenyekiti, niandae hizo karatasi. Fisi kapewa bucha alinde.

Karatasi ya KUPINGA nimeilaza kwenye friji ya dawa za macho pale kazini. Kesho naichukua na barafu yake, naitia kwenye mfuko wa kitambaa dakika ya mwisho. Mwenyekiti ndiye anayechota kwanza. Mkono utaijua kwa ubaridi. Daktari akauliza tangu lini karatasi ikaumwa macho. Fikra kubwa hazielezwi kwa kila mtu.

Jumamosi, 8 Machi

Sina nguvu ya kuandika. Naandika kwa hasira tu.

Ukumbi ulifurika. Karatasi nikaitia, baridi kama pua ya mbwa. Katibu akasimama kusema machache. Machache! Akaanza na historia ya ukumbi, akapitia historia ya umeme, na muda wote huo mfuko kaukumbatia tumboni kama kuku anayeatamia. Nilipotia mkono, karatasi zote mbili zilikuwa na joto la mgonjwa wa homa. Nikapapasa. Nikapapasa tena. Katibu akaniuliza kama navua samaki. Nikachota.

KUTETEA.

Shemeji akapata nafasi yangu. Akasimama na sauti yake ya kuitia wateja, akataja vioo visivyofagiwa, akataja adui mwenye mdomo mrefu, akataja miwani. Hoja zangu! Zile nilizozipigia kelele mezani wiki nzima, dada yake akisikia! Watu wanaangua vicheko. Mama mkwe anajifuta machozi. Vicheko hivyo vilikuwa vyangu!

Zamu yangu ikafika. Sina hata hoja moja, nina hasira tu. Nikawaambia kucheka ni rahisi. Nikawauliza: "Nani hapa hajawahi kuchelewa kwa mtu anayempenda?"

Mama mkwe akaacha kujifuta machozi.

Nikasema yule bwana ana mbio za radi na bado hakuwahi, sembuse sisi wa kungoja basi. Nikasema uzuri wa filamu hizi ni huo: zinamchukua mwenye nguvu zote, zinamkalisha kwenye benchi la hospitali, kando yetu. Na kesho yake anaamka, anaokoa mtoto wa mtu mwingine. Sijui maneno yalitoka wapi. Kinyozi alikuwa anatafuta leso yake. Mke wangu alikuwa ananitazama kama siku ile aliponikubali.

Nikashinda. Mashujaa walipata kura zote isipokuwa moja. Hiyo niliipiga mimi.

Shemeji akaninyanyua begani, akapiga kelele kwamba mwenyekiti anaruka!

Jumapili, 9 Machi

Shemeji kaja asubuhi na Katibu. Kwa adabu zote akasema, "Kaka, jana umetuliza sote." Akapendekeza Jumamosi moja kila mwezi iwe ya filamu zangu za mvua na dirisha, na yeye mwenyewe atapanga viti. Katibu ameridhia. Hata mama mkwe ameridhia.

Nimekataa. Nazitaka zote.

Nimemkabidhi Katibu malalamiko rasmi: mdahalo ni batili, kwa kuwa msemaji mmoja aliwalaghai wanachama kwa habari za kuliza. Katibu akauliza mlalamikaji ni nani. Mimi. Akauliza mlalamikiwa ni nani. Mimi. Akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena, akanitazama. Kikao kitaitishwa. Nitajishtaki bila huruma, nitajitetea kwa nguvu zangu zote, na vyovyote itakavyokuwa lazima nishinde.

Walipoondoka, mke wangu akashusha pumzi ndefu, akasema sikio la kufa halisikii dawa.

Nimefurahi sana. Hatimaye ameanza kumwelewa mdogo wake.