Mimi Si Boti

Leo nimeaibika mbele ya mtaa mzima wa Nguba. Tena nikiwa nimesimama juu ya kreti ya bia, ili hata walio nyuma wanione vizuri.

Nawaandikia kutoka duka la intaneti hapa Ibanda, Bukavu. Furaha, mke wangu, amekaa pembeni, macho kwenye kioo cha kompyuta. Hii barua ni adhabu yake. Amesema nisipowasimulia mwenyewe atawasimulia yeye, na yeye ataongeza chumvi. Na kaka zake wa Kampala wamo kwenye orodha hii. Shikamooni, mashemeji.

Chanzo ni pikipiki. Niliinunua kwa daktari mmoja Mzungu aliyekuwa anafunga virago kurudi kwao. Ni ile mikubwa ya safari ndefu, inayomezea mate barabara za nchi tatu. Imetumika, ina makovu, lakini jamani! Siku za kwanza nilikuwa naamka asubuhi naenda uani kuitazama tu. Naigusa tanki. (Ndiyo, najua. Pikipiki ya kuvuka mipaka, katika mji ambao ukifika kizuizi cha mwisho askari anakuuliza unatumwa na nani.)

Furaha hakuwa ameiona. Alikwenda Goma, ng'ambo ya ziwa, kumuuguza mama yake, na alipotaka kurudi, wakubwa wa vita wakasimamisha boti. Kwa nini? Hakuna aliyetuambia. Kupita barabarani ni kwa aliyechoka kuishi. Wiki zikapita. Halafu siku moja nikaitwa parokiani kwenye fonia, ile redio ya kutumiana habari, nikapewa ujumbe wake: “Nitapanda bateau ya kwanza. Ukuwe pale.”

Ukuwe pale! Basi nikaanza kuitengeneza pikipiki kwa ajili ya siku hiyo.

Fundi wangu ni Tonton Déo, mwenye gereji huku juu Nguba, mtu wa kujiamini kupita kiasi. Tulianza na kiti. Nilitoa sponji ya godoro letu la wageni (wageni watalala watakavyolala), akakinenepesha, akaweka na egemeo la mgongo. Kikafuata kioo cha mbele, ili upepo wa ziwa usimpige mtoto wa watu. Masanduku mawili ya bati ubavuni, kwa mizigo yake. Vyuma vya kukinga miguu. Kila kitu kilipoongezwa nilirudi nyuma hatua kadhaa, nikashika kiuno, nikasema, “Ee Mungu.” Nilikuwa nasema kweli. Sikuwahi kumiliki kitu kizuri namna ile.

Ikabaki honi. Iliyokuwepo ililia kama kifaranga aliyekanyagwa. Leo asubuhi Tonton Déo akanionyesha nyingine aliyoipata sokoni. Mdomo wake ulikuwa mpana kama sufuria ya harusi.

“Ni ya nini hii, Tonton?”

“Ya camion. Camion kubwa.”

Akaifunga hiyo honi ya lori, akaunga nyaya, akaniambia nibonyeze. Nikabonyeza.

Ndugu zangu. Ile haikuwa sauti, ilikuwa tangazo. Bati za gereji zilitetemeka. Iliteremka bondeni, ikagonga maji, ikaenda, ikaenda, mpaka nikadhani watu wa kisiwa cha Idjwi wameacha majembe yao kusikiliza. Nilipata machozi kidogo. Nikabonyeza tena, kwa muda mrefu zaidi, kwa heshima.

Tulipozima, masikio yetu yalikuwa yanavuma. Ndipo nikaona watu wanakimbia barabarani.

Mnajua miaka hii hapa kwetu. Ukiona watu wanakimbia huulizi, unakimbia. Lakini hawa walikuwa wanateremka kuelekea ziwani, tena wanacheka! Wamama na mabeseni, vijana wa kubeba mizigo na kamba zao, mtu mmoja na sabuni ya kunyolea bado shavuni. Nikamshika mama mmoja mkono.

“Maman, kuko nini?”

“Bateau ya Goma! Imepiga honi! Weye hukusikia?”

“Sikusikia!” nikamjibu. Na kweli sikusikia. Masikio yangu yalikuwa yamejaa honi yangu mwenyewe.

(Someni tena hapo. Nina diploma ya uhasibu.)

Kwetu boti ikikaribia kuzunguka ile ncha ya mwisho ya ardhi hupiga honi, na walio juu kilimani hushuka. Ndivyo tulivyokua. Mtu hangoji kuiona, anangoja kuisikia. Kwa hiyo sikujiuliza mara mbili. Furaha amefika! Niliruka juu ya pikipiki na jasho langu, nikateremka, na kwa kuwa barabara ilijaa watu, nilipiga honi njia nzima. Kila nilipopiga, mageti zaidi yalifunguka. Nikawaza, tazama habari inavyosambaa!

Na hapo, niwaambie ukweli, moyo ulinishika. Sikujua kama tunaongoja tuko wengi hivi. Kilima chote kilikuwa kinatembea. Wamama wa kwaya walitoka na vitenge vyao vya sare, mchungaji wao amekwama Goma kama mke wangu, wakashuka wanaimba. Mzee mmoja alikuwa anafunga tai huku anakimbia. Kila mtu alikuwa na mtu wake kwenye hiyo boti. Niliwaza kwamba vita imetuchukulia vitu vingi, lakini tazama, sauti moja tu na sote tumeamka. Nikafuta macho nyuma ya kioo changu kipya.

Bandarini askari walifungua geti. Komanda wao alitoka akifunga vifungo. Watu wa ushuru wakatoa meza. Sote tukageukia ziwa.

Ziwa lilikuwa tupu.

“Iko nyuma ya ncha,” mtu akasema.

“Inakuya pole pole. Injini yake ilizeeka.”

Tukangoja. Kwaya ikaimba wimbo mwingine. Tukangoja tena. Mimi nilikuwa mbele kabisa, nimepanda pikipiki yangu, nimetoa vumbi kwenye kiti cha Furaha kwa mkono wa shati. Subira ikaniishia. Nikawaambia waliokuwa karibu, “Acheni niiite, capitaine ajue tuko hapa.”

Nikabonyeza.

Kwaya ilikatikia katikati ya neno. Vichwa vyote vilikuwa vinatazama ziwa. Vikageuka. Taratibu. Vyote. Sijawahi kutazamwa na watu wengi namna ile, na naomba nisitazamwe tena. Mkono wangu ulikuwa bado kwenye kitufe.

Komanda alikuja mpaka karibu. Akaitazama honi. Akanitazama mimi.

“Ni weye njo bateau?”

“Hapana, mon commandant.”

“Bugali yangu nimeiacha ku moto!” maman mmoja akapiga kelele. “Ku moto! Juu ya huyu!”

“Yaka awa,” komanda akaniambia kwa Kilingala cha jeshi, akionyesha kreti ya bia. Nikaenda. Nikapanda. “Sasa waambie batu. Kwa nguvu. Weye ni bateau?”

“Mimi si boti,” nikasema.

“Hawasikie!”

“MIMI SI BOTI!”

Hakuna aliyecheka, na hilo ndilo lililoniuma. Waliinama tu, wakashika mabeseni yao, wakaanza kupanda kilima. Mzee alilegeza tai. Askari walifungua honi na kuichukua, “mpaka uchunguzi uishe.” Nilirudi nyumbani kimya kimya, nikaingia kitandani na viatu, nikajifunika blanketi mpaka kichwani.

Mchana, mvua ikinyesha, nikaisikia. Ndefu. Kutoka ziwani.

“Wanajeshi wameanza kuichezea!” jirani yangu Maman Esther akalalamika upande wa pili wa ua. “Papa, enda ubaambie baache! Umetuletea matatizo!”

Ikalia tena. Na tena. Nguba yote hakuna aliyefungua hata dirisha. Mimi nilijigeuza ukutani, nikaweka mto juu ya sikio.

Baadaye kidogo geti likagongwa.

“Nani?”

“Bibi yako.”

Nilifungua. Furaha alikuwa na begi kichwani, jibini la Masisi kwapani, viatu mkononi, na mvua yote ya Kivu kwenye nguo zake. Amepanda kile kilima kwa miguu.

“Bukavu imehama?” akaniuliza.

Akanisimulia akiwa bado anachuruzika. Walipiga honi, hakuna mtu. Wakapiga tena, bandari nyeupe, hata mbeba mizigo mmoja hayupo, askari nao wamejikinga mvua ndani. Capitaine akaogopa. Alisema mji usio na mtu bandarini ni mji uliokimbiwa, vita imeingia. Akaanza kugeuza boti warudi Goma.

“Nikamukatalia,” Furaha akasema. “Nikamuambia, capitaine, fika pale. Bwana yangu iko pale. Haiwezekani akose.”

Boti nzima ilifika kwa sababu ya neno lake hilo. Mchungaji, mizigo, wote. Nilimtazama mwanamke huyu, maji yanamtiririka mpaka kwenye vidole, nikampokea begi. Nyuma yangu pikipiki ilikuwa uani, imetulia, kiti chake kinene kikavu kabisa chini ya turubai.

Basi, chekeni. Yeye amekwisha kucheka mpaka mwenye duka ametutazama. Ila akiwauliza mtu nilikuwa wapi boti ilipofika, semeni mnavyojua: nilikuwa pale, chini ya blanketi.