Nilivyopiga Honi Nikingoja Karak Mlimani

Jumanne, katikati ya Julai. Jua limewaka tangu asubuhi, lakini ni jua lenye adabu, si lile letu la Doha la kubabua. Upepo nao ulikuwepo.

Ndugu zangu wa mtaa wa Najma huko Doha, mliobaki mkigombania AC moja, leo nimeaibika mbele ya mji mzima wa Waitaliano. Naandika bado sijatulia. Mkiona herufi zimerukwa mnisamehe. (Hata nikiwa mzima huwa naziruka.)

Mnajua nilichaguliwa kuja Italia kuiendesha familia ya bosi likizo hii. Tunakaa nyumba ya shambani, mizeituni mbele, mizabibu nyuma. Juu ya kilima kuna mji wa mawe ambao kila asubuhi nakwepa kuutazama. Mimi ni mtu wa Mwea. Kwetu ni mashamba ya mpunga, ardhi imelala kama meza. Na huko Doha, mlima mrefu zaidi niliowahi kuupanda na gari ni flaiova.

Siku tulipofika bosi aliniambia jambo moja tu. "Musa, hili gari ni la kukodi. Likikwaruzwa hata kidogo, tukirudi Doha, khalas, basi, sitatia sahihi mkataba wako." Nisimsingizie, hakusema kwa ukali. Alisema akila tende. Lakini mnajua watoto wangu wanasoma kwa huo mkataba, kwa hivyo tangu siku hiyo naendesha kama nimebeba mayai.

Leo wakaamua kuuzuru huo mji. Barabara ya kupanda inajipinda mpaka unakaribia kusoma namba ya gari lako mwenyewe. Upande mmoja ni bonde, na huko chini shamba la alizeti limekuwa dogo kama leso. Madam, mke wa bosi, anasema, "Mashallah, tazameni." Mimi sikutazama. Kama ni pazuri, nimeambiwa tu.

Tukaegesha nje ya lango la mji. Bosi, mkewe na watoto wakashuka kutembea. Tukabaki mimi na Yumma, mama yake bosi, ambaye magoti yanamsumbua. "Ngojeni hapa," bosi akasema.

Tukangoja. Yumma akautazama ukuta wa mji, akachoka nao.

"Musa, hawa wameenda kunywa chai."

"Wameenda kutazama mji, Yumma."

"Mji gani usio na chai? Yalla, twende."

"Bosi amesema tungoje hapa."

"Bosi nimemzaa mimi."

Hapo ningefanya nini? (Nimejiuliza mchana kutwa. Jibu ni kwamba ningekataa. Sikukataa.)

Langoni kulikuwa na kibao chenye maandishi mengi. Sikukielewa, na nitakuwa mwongo nikisema nilijaribu. Tukaingia. Njia ikaanza kupungua. Nikakunja kioo cha pembeni, halafu cha pili. Nikasali Baba Yetu, Yumma naye akasoma dua zake, ili tusiache upande wowote wazi. Kisha tukafika kwenye mlango mmoja unaotoa harufu ya kahawa.

"Hapa," akasema Yumma. "Piga honi."

Nikapiga. Nyinyi mnanielewa. Pale mtaani Al Mansoura unasimama nje ya duka la chai, unapiga honi mara mbili, na karak yako, chai nzito ya maziwa, inakufuata dirishani, hujashusha hata mguu. Mkono ulijipigia wenyewe.

Hakutoka mtu. Nikapiga tena, ndefu. Madirisha ya juu yakafunguka moja moja, vichwa vikachungulia. Akatoka mzee wa aproni. Nikamwonyesha vidole viwili. Akaanza kusema kwa mikono yote, akionyesha mbele. Nikadhani ananiambia chai iko mbele.

Mbele kulikuwa na bibi harusi.

Anatoka kanisani na watu wake wote na tarumbeta, wanashuka njia ileile, na mimi nimeiziba kama kizibo. Tarumbeta zikanyamaza moja baada ya nyingine. Kurudi nyuma siwezi: ni mteremko, ukuta huku, ukuta huku, na breki nimeikanyaga kwa miguu yote miwili. Nilikuwa nauona mkataba wangu ukichanika. Yumma akashusha dirisha, akamwambia bwana harusi kwa Kiarabu, "Mbili, na maziwa."

Ndipo mlango wa nyumba iliyokuwa ubavuni mwangu ukafunguliwa. Mama mmoja mwenye mwiko akaniashiria nitoke. Nikavuta breki ya mkono, nikafungua mlango wa gari, nikashukia moja kwa moja jikoni kwake. Mara akaingia kwa mlango wa nyuma wa jiko hilo mama wa bibi harusi, akavua viatu vyake vya kisigino, akanikabidhi, akapita kwenda kukaa kwenye kiti changu cha dereva.

Alilirudisha lile gari kinyumenyume mpaka langoni kwa mkono mmoja. Yumma akisema Kiarabu, yeye Kiitaliano, na wakielewana kuliko mimi nilivyowahi kumwelewa yeyote kati yao. Harusi ikawafuata, tarumbeta zikaanza upya. Nyuma ya wote, mimi na viatu vya kike mkononi.

Langoni alisimama bosi.

"Musa. Hivyo viatu ni vya nani?"

Nikamwonyesha yule mama aliyekuwa akishuka garini miguu mitupu.

Alilizunguka gari akilipapasa kwa kidole. Hakuna mkwaruzo. Akachukua ufunguo, akaendesha mwenyewe, mimi nikakaa nyuma na watoto.  "Nilimwamuru mimi," Yumma akasema njiani. Nikaongeza, ili haki itendeke, kwamba mguu uliokanyaga mafuta ulikuwa wangu. Bosi akaendesha mpaka nyumbani akinitazama kwenye kioo, na macho hayo yalinitisha kuliko ile barabara.

Jioni tumekula tambi na mchuzi wa nyanya. Yumma alizisukuma kando, akala wali wa jana na mtindi, akatoka nje. Mimi nilibaki nikizizungusha zangu kwenye uma. Mara honi ikalia uani, mara mbili. Yumma amekaa ndani ya gari, ameinua vidole viwili.

Bosi akanitazama sana. Kisha akaweka ufunguo kando ya sahani yangu. "Mpelekee mteja wako karak. Na kesho utatupeleka kwenye mashamba mengine ya mizeituni. Huku chini, kwenye tambarare."

Nimechemsha mbili, na iliki. Ya pili ilikuwa yangu. Najua mnacheka, lakini fungeni dirisha basi, Najma nzima isisikie.