Ombi la Kuziba Njia Inayorudi Ilikoanzia

Ndugu Mhariri wa Jarida la Kijiji cha Skelbeck,

Nakusabahi, na nakuombea jua lidumu mpaka nyasi zilizokatwa za mifugo zikauke. Mimi ni Plamen Dzhurov, yule Mbulgaria anayejenga kuta za mawe shambani kwa Bwana Thackray. Shule niliiacha mapema, kwa hiyo nitasema wazi. Jumapili ndiyo siku yangu pekee ya kulala. Jumapili iliyopita niliibiwa siku hiyo, na aliyeniibia ni Bi Enid Raistrick, zamani karani wa posta, pamoja na chama chake cha matembezi. Alinigongea sijavaa hata soksi: "Toka nje, mpenzi! Jua hili nani analala?" Kuitwa mpenzi silalamikii, hapa hata muuza mkate hukuita hivyo. Nalalamikia haya:

1. Safari haifiki popote. Kwetu mtu akitembea kutwa, amefuata mbuzi, daktari au mchumba. Sisi tulitoka mlangoni pa baa ya Skelbeck, tukapita Hagthwaite, tukapanda nyika ya mlimani, tukashukia Low Ainby, na jioni tukawa mlangoni pa baa ileile. Nilimuuliza Bwana Clifford Garside, mwenye ramani shingoni, tulikuwa tumekwenda wapi. "Tumezunguka, kijana!" akasema, kwa fahari ya mtu aliyegundua bara.

2. Salamu. Kila tuliyekutana naye alitutangazia kwamba kuna jua. Tulikuwa chini yake. Tukakubali, mmoja mmoja. Na kwa kuwa baadhi yao walikuwa wakizunguka njia hiyohiyo kwa upande wa pili, tulikutana nao tena Low Ainby, ikabidi tukubaliane upya kuhusu jua lilelile.

3. Kuomba radhi. Bwana Clifford alimwomba radhi kondoo aliyelala njiani, kisha sote tukapita kwenye tope ili tusimsumbue. Kondoo huyo namjua. Wiki nzima mimi humsukuma kwa goti. Jumatatu nilipomsukuma aliniangalia kama mtu anayesubiri kitu. Nikamwomba radhi. Sasa kundi zima linasubiri.

4. Huko juu, kwenye maua ya zambarau yasiyo na mwisho, Bi Enid alitandaza kitambaa akagawa sandwichi za mayai. Upepo ukachukua kofia yangu, kitambaa, na sandwichi ya Bwana Clifford. "Kaupepo tu," akasema Bi Enid. Nilicheka mpaka chai ikanitokea puani. Wastaafu wazima wakagaagaa kwenye maua kwa kicheko. Mtu aliyelala kwake Jumapili hapatwi na mambo kama haya.

5. Ugonjwa unaenea. Jumatano nilimaliza kipande cha ukuta, nikajikuta ninakizunguka. "Wewe, umepoteza nini?" akauliza Bwana Thackray. Nikamjibu kuwa kuna jua. Tukiachiwa hivi, tarishi atazunguka na barua zake mpaka posta, na kasisi atazunguka na jeneza mpaka marehemu arudishwe kwake kunywa chai.

Kwa hiyo naomba jarida lako liniunge mkono: njia izibwe kwa ukuta huko juu nyikani, na izibwe kabla ya Jumapili hii, maana chama kimekwisha kuniandika mwanachama bila kuniuliza. Atakayefika kwenye ukuta ajue amefika. Akae, ajenge nyumba, aoe. Mawe nitayabeba mwenyewe, bila malipo.

Nisalimie Bi Enid, Bwana Clifford, wanachama wote, na kondoo kwa heshima zao.

Wako mwenye usingizi,
Plamen Dzhurov

Nyongeza: Kazi nimeianza jana baada ya saa za shamba. Kwa kuwa goti la Bi Enid halikunjiki vizuri, nilitanguliza ngazi za kuvukia ukuta, pande zote mbili, mawe mapana. Kisha nikaona watu watataka pa kupumzikia, nikajenga benchi. Ukuta wenyewe sijaupatia nafasi. Tafadhali wajulishe wasinigongee Jumapili. Nitakuwa nimeshatangulia juu kuwasha moto wa chai.